Tani Mia Nne Zilizofichwa Ghalani

"Idara ya Uokoaji wa Magari na Unyanyuaji wa Vitu Vizito inayo furaha kuutangazia umma kwamba imegundua tani mia nne ishirini na sita za uwezo wa kunyanyua, zilizokuwa zimefichwa kwa miaka kumi na minane ndani ya ghala lake lenyewe. Tani hizo hazikununuliwa wala hazikuombwa. Zilikuwa humo humo ndani ya minyororo, zimekaa kitako, huku magari ya wananchi yakilala mitaroni."

Tangazo hilo niliandika mimi, Afisa Uhusiano wa Idara, na lilisomwa redioni mara tatu kwa siku. Watu walinipigia simu kunipongeza, hata wale ambao huwa hawapokei simu zangu. Nayasema haya kwa sababu tangu hapo maneno yamekuwa mengi mtaani, kila kinyozi ana toleo lake, na mimi nilikuwepo mwanzo hadi mwisho. Isitoshe, Fundi Mkuu anayetajwa humu ni dada wa mke wangu. Mwenye kutaka habari hizi kutoka karibu zaidi itabidi aishi ndani ya mnyororo.

Mambo yalianza siku Mkurugenzi alipoingia ghalani. Hakuwa amewahi kuingia. Ofisi yake iko ghorofa ya pili na ghala liko uani, mwendo wa hatua sitini, na kwa miaka mitatu hatua hizo zilikuwa zimewekwa kwenye mpango mkakati. Siku hiyo choo cha juu kilikosa maji, akashuka kutafuta cha chini, akakosea mlango.

Alimkuta Fundi Mkuu ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mnyororo mapajani, anapitisha kidole kwenye pete moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta punje ya mchanga kwenye mchele. Ukutani nyuma yake ilitundikwa minyororo mingine, mikanda na waya, kila kimoja na kibati chake cha chuma kinachosema kinaruhusiwa kubeba kiasi gani.

"Huo unabeba ngapi?" Mkurugenzi aliuliza. Kiongozi akipotea, lazima aulize kitu.

"Tano, bosi."

Akaokota karatasi iliyokuwa mezani ili aonekane amekuja kusoma. Ilikuwa cheti cha kiwanda. Kilisema kwamba mnyororo wa aina ile ulivutwa kwenye mashine ya majaribio, ukakatika kwenye tani ishirini. Mkurugenzi alisoma mara mbili, kisha akamtazama shemeji yangu jinsi mtu anavyomtazama mshonaji aliyemrudishia suruali fupi.

"Umeandikwa tano. Umekatika kwenye ishirini."

"Ndiyo, bosi."

"Kumi na tano zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote, zimo humo humo. Hizo ni za siku gari linapoteleza. Au pete ina ufa ambao mimi sikuuona. Au dereva wa winchi amepiga chafya, na mimi niko chini. Hizo kumi na tano ndizo zinazonirudisha nyumbani."

Mkurugenzi alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo suala la nyumbani lipo."

"Nimesema zinanirudisha mimi, bosi."

"Nimekusikia vizuri sana."

Kufikia alasiri tulikuwa tumeunda Kamati ya Kurejesha Tani Zilizofichwa. Wajumbe saba, na Katibu ambaye huandika mpaka kikohozi cha mtu kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi niliingia upande wa habari. Tulipitia vyeti vyote vya ghalani na kila tulipofungua faili tulizidi kuchoka roho. Kila mnyororo ulikuwa unabeba robo ya uwezo wake. Mikanda ya nguo ndiyo iliyotia aibu kabisa: mkanda umeandikwa tani tatu, kumbe unakatika kwenye ishirini na moja. Mjumbe mmoja aliomba ruhusa atoke nje akapumue. Mwingine alisema sasa anaelewa kwa nini nchi haiendi.

Jumamosi tukaenda kupekua nyumbani kwa mtuhumiwa. Anaishi kwa mama yake, yaani kwa mama mkwe wangu, nyumba yenye vyumba sita na watu ambao sijawahi kuwamaliza kuwahesabu: mashangazi, mjomba, wajukuu, mpangaji mmoja aliyekuja kwa mwezi mmoja na sasa anachagua chakula cha jioni. Nilitaka kubaki nje kwa heshima ya ukwe, lakini nikakumbuka kwamba ndani kuna chai.

"Mnatafuta nini, wanangu?" mama mkwe aliuliza.

"Tani, mama," alijibu Katibu.

"Za nini?"

"Za kunyanyulia."

"Ngapi?"

"Mia nne ishirini na sita."

Mama mkwe alifikiri. "Mia nne hazijaingia humu, ningesikia kishindo. Lakini tazameni chumba cha mjomba wao. Yule huwa analeta vitu."

Nyumba nzima ikajitolea kusaidia. Shangazi mdogo aliinua magodoro, mpangaji akapanda darini, majirani wawili wakaja kuuliza kama na kwao kupekuliwe au wangoje zamu. Shemeji yangu mwenyewe alikaa kizingitini akikata kucha na kutuelekeza. "Nyuma ya kabati hamjaangalia," alisema. "Tani hupenda pembeni." Baada ya saa mbili tulikuwa tumepata jeki moja mbovu ya gari, ambayo Katibu aliiandika kama dalili.

Wiki iliyofuata Fundi Mkuu aliitwa mbele ya Kamati. Katika daftari lake kulikuwa na jambo jingine lililomkera Mkurugenzi: aliandika kwamba minyororo miwili inayoshuka kutoka kulabu moja hupungukiwa na nguvu kadiri inavyotanuka. Mkurugenzi alitaka kujua nani alimruhusu kupunguza tena kitu alichokwisha kukipunguza.

Shemeji aliinuka. Alitoka nje, akarudi na kamba na ndoo ya maji. Akaipitisha kamba kwenye mkono wa ndoo, ncha moja akanipa mimi, nyingine Katibu.

"Simameni karibu. Inueni."

Tukainua. Ndoo ikaning'inia kati yetu, nyepesi, hata nikatabasamu.

"Sasa achaneni. Hatua moja. Nyingine. Nataka kamba inyooke kabisa kama rula."

Tulirudi nyuma, tukavuta. Ndoo ilikuwa ile ile, maji yale yale, lakini mikono yangu ilianza kutetemeka, na Katibu akatoa macho kama mtu aliyeona mdai wake. Kamba ilikataa kunyooka. Kadiri tulivyovuta ndivyo ndoo ilivyozidi kutudharau. Mwishowe Katibu aliachia, na maji yote yakaishia kwenye kumbukumbu za kikao kilichopita.

"Maji hayajaongezeka," alisema shemeji akikunja kamba. "Mlichoongeza ni upana tu. Na hiyo ilikuwa ndoo. Ingekuwa lori, sasa hivi tungekuwa tunatafuta mtu wa kuwaambia wake zenu."

Kamati ilijadili kwa dakika arobaini, ikaazimia kwamba ndoo ilikosa ushirikiano, na kwamba kuanzia siku hiyo minyororo ya Idara itatumika bila kutanuka.

Ndipo ukatoka Waraka Namba Saba. Kila kibati kitang'olewa na kuwekwa kipya chenye uwezo kamili: cha tano kiwe ishirini, cha tatu kiwe ishirini na moja. Na kwa kuwa fundi aliyekuwa akithibitisha vifaa sasa yumo mashakani, uthibitisho utakuwa wa Mkurugenzi mwenyewe, sahihi yake ikichongwa kwenye kila kibati. Vibati vilikuwa mia moja na kumi na viwili. Sahihi ya Mkurugenzi ni ndefu na ina mkia. Kwenye vibati vidogo ilibidi namba ya tani ipunguzwe ukubwa ili mkia upate nafasi.

Nilitoa tangazo lile mlilolisoma hapo juu, na kwa siku nne tulikuwa idara inayopendwa kuliko zote. Siku ya tano, ambayo ilikuwa Jumanne, lori la maji likaingia mtaroni.

Lilikuwa limejaa. Lori lenyewe tani nane, maji tani kumi. Magurudumu ya mbele yalikuwa mtaroni, pua imelala kwenye ukingo wa pili, tumbo limebaki juu ya shimo. Ofisi ya Mheshimiwa, ambaye Idara yetu iko chini yake, ilipiga simu asubuhi ile ile: atakuja Ijumaa kushuhudia kwa macho yake tani zilizopatikana zikifanya kazi.

"Tuyatoe maji kwanza," shemeji alimwambia Mkurugenzi ofisini, mimi nikiwa pale na kalamu. "Linabaki la tani nane. Halafu tunaweka magogo, tunalivuta kinyumenyume kwa bredauni, lile gari letu la kuvutia magari, taratibu, magurudumu yakibeba uzito wake yenyewe. Hakuna haja ya kulinyanyua."

"Mheshimiwa haji kuona gari linavutwa kinyumenyume," alisema Mkurugenzi. "Anakuja kuona linapaa. Lori ni tani kumi na nane. Mnyororo ni wa tani ishirini. Mbili zinabaki kwa ajili ya wasiwasi wako."

"Mnyororo ni wa tano, bosi. Kibati ndicho cha ishirini."

Mkurugenzi alimsogezea barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba Ijumaa atashuka mtaroni kuweka magogo chini ya lori wakati likinyanyuliwa, kama ilivyo kazi yake, au ahesabike amejiondoa mwenyewe baada ya miaka kumi na minane. Shemeji aliisoma yote. Nilimwona akipangusa dole gumba lake kwenye overoli kabla ya kugeuza ukurasa, ili asiichafue.

"Nitashuka," alisema. "Ila kwa desturi ya yadi."

"Desturi zote zizingatiwe," alisema Mkurugenzi, ambaye hakuijua hata moja, akaandika hivyo pembeni ya barua na kupiga mhuri.

Nyumbani mke wangu alikuwa amekwisha kusikia. Alinipakulia bila kunitazama.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Dada yangu akishuka kwenye ule mtaro asipande, na wewe usipande kitanda hiki."

"Mimi ni Afisa Uhusiano tu," nilimkumbusha. "Sina mamlaka juu ya minyororo."

"Basi tafuta uhusiano," alisema, akachukua kipande cha nyama kilichokuwa sahanini kwangu akampa mpangaji wa mama yake, aliyekuwa amekuja kutusalimia.

Ijumaa mahema matatu yalikuwa yamesimikwa kando ya barabara. Kulikuwa na viti vyenye vitambaa, bendi ya tarumbeta, na vipaza sauti vinne juu ya nguzo, kimoja kikielekea sokoni. Nilimbana Mkurugenzi kinasa sauti kidogo kwenye kola ya koti ili hotuba yake iwafikie wote. Mnyororo wenye kibati cha ishirini ulikuwa umekwisha kufungwa kwenye lori, na dereva wa winchi alikuwa amekwisha kupanda kwenye kiti chake. Huyu tunamwita Kimya, maana huu ni mwaka wa tisa na bado hatujui sauti yake ikoje. Akiwa kazini huangalia kitu kimoja tu, nacho ni mkono wa kulia wa shemeji yangu.

Mkurugenzi alihutubia. Alisema kwamba uzito ni hali ya kukata tamaa. Alisema kwamba minyororo, kama watumishi, hubeba kile inachoaminiwa kubeba. Mheshimiwa alitikisa kichwa, na wote waliokuwa nyuma yake wakatikisa kwa kufuata cheo.

Kisha shemeji yangu akaja ukingoni mwa mtaro, gogo begani.

"Twende, bosi."

"Wapi?"

"Chini. Desturi ya yadi ndiyo hiyo. Aliyethibitisha mnyororo hushuka pamoja na anayeweka magogo. Miaka yote alikuwa mtu mmoja, ndiyo maana hamkumwona. Sasa sahihi ni yako."

"Nitateua mwakilishi."

"Sahihi haina mwakilishi. Na barua umeipiga mhuri."

Yote haya yalisikika sokoni. Mheshimiwa aliinuka kwenye kiti chake. "Kumbe na wewe unashuka?" alisema, sauti imejaa mapenzi. "Huu ndio uongozi ninaousema kila siku." Akapiga makofi. Hema likapiga makofi. Bendi ikachukulia kwamba ndiyo zamu yake. Sijawahi kumwona mtu akipewa heshima kubwa kiasi kile huku akishikilia nguzo.

Walishuka. Mkurugenzi alikuwa na viatu vya ncha, na mtaro ulivipokea mpaka kwenye kamba. Juu yao lilikuwa tumbo la lori, jeusi, likidondosha maji tone tone. Shemeji alipanga gogo lake, akaupapasa ule mnyororo, kisha akachezesha vidole viwili. Kimya akavuta. Mnyororo ukainuka, ukanyooka, ukatoa mlio mwembamba wa chuma kinachofikiri.

Nilipaswa kuzima kile kinasa sauti baada ya hotuba. Nakubali. Lakini kitufe chake ni kidogo na vidole vyangu ni vinene, na mke wangu alikuwa mstari wa mbele akivitazama. Kwa hiyo maneno yanayofuata si umbea. Yalisikiwa na mtaa mzima.

"Huo mlio ni wa nini?" ilisema sauti ya Mkurugenzi kutoka kwenye nguzo nne.

"Unanyooka tu, bosi."

"Ni kawaida?"

"Kwa mnyororo wa tani ishirini, kawaida kabisa."

"Na kwa huu?"

"Huu si wa ishirini? Soma kibati. Kipo hapo juu ya kichwa chako."

Viatu vya ncha vilisikika vikijigeuza topeni. "Mkia wa sahihi umeziba namba."

Sokoni mtu alicheka, akanyamazishwa. Mkurugenzi aliinua mkono juu, kiganja wazi, kuonyesha kwamba shughuli isimame. Mheshimiwa, akidhani anasalimiwa, akampungia. Hema zima likampungia. Kimya hakupunga.

"Mwambie asimame."

"Amesimama tangu hapo. Anangoja mimi niseme anyanyue. Niseme?"

"Usiseme."

"Mheshimiwa anangoja."

"Fundi. Ngoja kwanza. Tuseme linateleza. Tunasema tu. Zile kumi na tano zinafanyaje?"

"Zingelishika. Lakini umeshazipangia kazi zote. Hakuna iliyobaki ya kushughulika na kuteleza."

"Basi zirudishe."

"Nizirudishe wapi?"

"Zilikokuwa. Mnyororo huu ni wa tani tano. Nasema mimi. Ni wa tano, na ulikuwa wa tano siku zote."

"Na ile mingine?"

"Na ile mingine."

"Na ile barua yangu?"

"Ile ilikuwa rasimu."

"Ina mhuri."

"Rasimu yenye mhuri. Fundi, mimi nina watoto."

"Na mimi nina mama, bosi. Ulipekua chini ya kitanda chake." Tone moja la maji likasikika likimwangukia mtu. "Haya. Tupande."

Akashusha mkono. Kimya akalegeza, na mnyororo ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Baadaye shemeji aliniambia kwamba lori halikuwa limeinuka hata unene wa ukucha. Alikuwa amekubaliana na Kimya tangu jana yake kwamba atavuta tu mpaka ulegevu uishe, basi. Miaka kumi na minane, alisema, hakuwahi kuweka mtu chini ya kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini, na hakuwa na nia ya kuanza na Mkurugenzi, ambaye kumfukua kungechukua siku nzima.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Watu waliokuwa wamekuja kutazama wakaenda kwao kuchukua ndoo, foleni ikapangwa, maji yote yakagawiwa. Mama mkwe alipata mapipa mawili. Alasiri lori likawa la tani nane, bredauni ikalivuta kinyumenyume juu ya magogo kwa dakika ishirini, na halikupaa hata kidogo.

Mheshimiwa alikuwa na tatizo dogo, kwa sababu naye alikuwa amezitangaza zile tani mia nne mbele ya wakubwa zake. Lakini mtu hafiki pale alipofika bila kujua kugeuka. Alisimama akasema amefurahishwa na kiongozi anayeshuka kutafuta ukweli ulipo, na kwa kuwa ukweli umeonekana kupatikana mtaroni, kuanzia leo Mkurugenzi atakuwa Mkurugenzi Maalumu wa Chini ya Mzigo, na atashuka katika kila uokoaji. Tuliandika kwamba amepandishwa cheo. Vibati vya zamani vilirudishwa, na mke wangu alinirudishia nyama.

Siku hizi Mkurugenzi hufika yadini kabla ya sisi wote. Amevaa overoli. Hukaa juu ya ndoo kando ya shemeji yangu, anapapasa pete moja baada ya nyingine, na akikuta moja imerefuka kidogo hutupa mnyororo mzima na kuuliza nani aliuacha ukutani. Amewahi kupendekeza kwamba mara nne hazitoshi, iwe mara kumi. Shemeji alimtuliza. "Tukienda hivyo, bosi, hatutanyanyua hata ndoo."

Mwezi uliopita Mheshimiwa alikwenda kufungua barabara mpya. Mvua ilikuwa imemtangulia. Gari lake jeusi lilizama kwenye tope mpaka milangoni, naye na wasaidizi watatu wamo ndani, vioo vimepandishwa. Tulifika na bredauni. Kioo kikashuka inchi moja.

"Vuteni tu," alisema Mheshimiwa. "Nina kikao saa nne."

Mkurugenzi alilizunguka gari lote, akachoma tope kwa fimbo, akahesabu midomo ikicheza.

"Gari ni tani tatu. Tope limefika milangoni, kwa hiyo ongeza sita, kwa sababu nalo linavuta. Hizo ni tisa. Mnyororo nilio nao ni wa tano. Tunaanza kwa kuchimba. Wote mshuke."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Kilo mia moja na kumi, Mheshimiwa, nikikisia pamoja na koti. Shuka."

Wasaidizi walishuka kwanza. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, kikatoka kiatu kimoja, kikasita hewani, kikatua.

Taarifa kwa vyombo vya habari niliandika mimi. Ilisema kwamba Mheshimiwa aliikagua barabara mpya kwa miguu yake mwenyewe, na barabara ilimpokea mpaka magotini.